Mhimili usio na jina, na mlinzi aliyesimamishwa kazi

Majina ya watu na ya kijiji nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Grafu inayozungumzwa humu niliichora mimi mwenyewe, kwa hiyo msomaji asihangaike kumtafuta mwingine wa kumlaumu.

## Usuli

Mradi ni wa maji vijijini, Tanzania bara. Una kisima kirefu, pampu ya umeme, tangi la uniti 30, vituo sita vya kuchotea na kaya chache zilizovuta bomba hadi uani. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Unaendeshwa na kamati ya wanakijiji yenye mwenyekiti, katibu na mhasibu. Walioajiriwa ni fundi mmoja na mlinzi mmoja wa usiku, na kila kituo kina mhudumu wake anayeuza ndoo.

Malalamiko yalikuwa ya muda mrefu: maji yanakatika asubuhi, na siku za kufua ndiyo balaa kabisa. Pampu ilikuwa inawashwa saa 2 asubuhi na kuzimwa saa 10 jioni. Kamati ikataka kujua jambo moja tu, watu wanachota maji zaidi saa ngapi, ili ipange upya muda wa pampu. Kwenye dira kuu, ile ya bomba linalotoka tangini, kulikuwa kumefungwa kifaa kidogo kinachorekodi lita zilizopita kila saa. Kilikaa pale siku 14 za mwezi Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea.

Mimi si mhandisi wa maji. Nilikuwa nimewafundisha katibu na mhasibu kutumia kompyuta ya ofisi, na nilipoambiwa "tutolee hizo namba picha inayoeleweka" nilijibu kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa. Kweli ilichukua nusu saa.

## Grafu ilivyozaliwa

Faili la kifaa lilikuwa na mistari 336, saa 24 mara siku 14. Nililifungua kwenye Excel, nikapiga wastani wa kila saa, nikapata jedwali dogo la kolamu mbili. Kolamu ya kwanza niliiandika kichwa "Saa", chini yake namba kuanzia 0 hadi 23. Ya pili "Lita". Nikazichagua zote mbili kwa pamoja, nikaingiza grafu ya nguzo.

Aliyewahi kufanya hivyo anajua kilichofuata. Excel ikikuta kolamu ya kwanza ni namba tupu na ina kichwa chake, haina njia ya kujua kwamba zile ni lebo za kuwekwa chini ya nguzo. Inazichora kama takwimu. Nikaletewa seti mbili za nguzo, za lita zimesimama kama minazi na za saa zimelala chini hata hazionekani. Nikafungua orodha ya seti, nikaifuta ile ya "Saa". Grafu ikawa safi.

Ila mhimili wa chini, yaani ule mstari wenye namba chini ya nguzo, ulibaki na 1 hadi 24, na mimi nikaziona kama saa zangu. Hazikuwa saa. Programu ikikosa lebo huhesabu nguzo tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nguzo iliyoandikwa 1 ilikuwa ya saa sifuri kwa saa za kizungu, yaani kuanzia saa 6 usiku. Iliyoandikwa 7 ilianzia 06:00. Kila kitu kimesogea saa moja, na hakuna alama yoyote ya kukushtua, maana 1 hadi 24 inafanana mno na saa za siku nzima. Kama jedwali lingekuwa na mistari 31 ningeshtuka.

Mhimili wa wima nao niliuharibu kwa usafi wangu. Namba zilikuwa 1000, 2000, 3000, nikaona zinajaza nafasi, nikaiambia programu ionyeshe kwa maelfu. Ikaweka neno "Thousands" limesimama wima pembeni. Neno la Kiingereza kwenye karatasi ya kijiji sikulipenda, nikalifuta. Zikabaki 0 hadi 7, za kitu gani hazisemi.

Kichwa cha grafu programu iliweka yenyewe, imekitoa kwenye jedwali: "Lita". Nikakifuta pia, nikaandika "Matumizi ya maji kwa siku". Nilikuja kugundua baadaye kwamba hilo neno moja nililolifuta ndilo pekee lililokuwa likitaja kipimo katika karatasi nzima. Majina ya mihimili Excel haiweki kwenye grafu ya kawaida mpaka uyaombe. Sikuyaomba.

Nikapiga picha ya grafu, nikaituma WhatsApp kwa katibu, nikafuatisha ujumbe wa sauti wa kama dakika mbili. Humo nilieleza kila kitu: saa ni za kizungu, zinaanza usiku wa manane, namba za pembeni ni maelfu ya lita. Katibu alisikiliza, akaelewa, akashukuru. Kisha akaenda steshenari kuchapisha ile picha nakala kumi. Ujumbe wa sauti hauchapishwi.

## Kikao

Sikuwepo. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa watu watatu waliokuwepo, na kwa muhtasari wa kikao.

Katibu mwenyewe siku hiyo alikuwa na msiba, kikao kikaongozwa na mwenyekiti. Karatasi zikagawiwa. Grafu ilikuwa na vilima viwili, kimoja kwenye 7 na 8, kingine kwenye 18 na 19. Mwanzo wake, 1 hadi 4, nguzo zilikuwa karibu hazipo.

Mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili akiambiwa "hizi ni saa za siku nzima, kuanzia moja", ataanzia wapi? Ataanzia saa moja. Saa moja ni asubuhi, jua limetoka. Basi 1 ni saa 1 asubuhi, 7 ni saa 7 mchana, 12 ni saa 12 jioni, 13 ni saa 1 usiku, na kuendelea hadi 24 ambayo ni saa 12 alfajiri ya kesho yake. Hakuna kosa lolote katika hesabu hiyo. Inakwenda mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, na ndiyo hatari yake.

Kwa usomaji huo, kilima cha kwanza kikawa saa 7 na saa 8 mchana. Cha pili kikawa saa 6 na saa 7 usiku.

Kikao kikanyamaza, naambiwa. Nani anachota maji saa 6 usiku? Vituo vinafungwa saa 2. Mhasibu, mtu makini wa namba, akajumlisha nguzo mbili za usiku: 4.9 na 4.4, jumla 9.3. Yeye alizichukulia kuwa ni uniti, na kwa bahati maelfu ya lita na uniti ni kitu kilekile, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi. Uniti 9.3 ni ndoo 465. Kila usiku. (Mjumbe mmoja alidhani namba za pembeni ni idadi ya vituo vilivyo wazi, kwa kuwa kilima kirefu kilikaribia 6 na vituo ni sita. Alisahihishwa na mhasibu, na kusahihishwa huko kukawapa wote imani kwamba sasa karatasi imeeleweka.)

Macho yakamgeukia ambaye hakuwepo kujitetea. Usiku kwenye tangi anakuwepo mtu mmoja tu, mlinzi, na si mbali na pale kuna vijana wanaofyatua matofali. Matofali yanataka maji. Hadithi ikajiunga yenyewe.

## Maamuzi, na kwa nini yalionekana ya busara

Kikao kilipitisha mambo mawili. Mlinzi asimame kazi kupisha uchunguzi. Na valvu kuu ifungwe kuanzia saa 4 usiku, ifunguliwe na fundi saa 1 asubuhi anapofika.

La pili nimelifikiria sana, kwa sababu ukilisikia leo linaonekana kama wazimu. Mwenye karatasi ile mkononi haoni wazimu wowote. Kwa usomaji wao, nguzo za kuanzia saa 8 usiku hadi alfajiri zilikuwa zinashuka hadi kuisha kabisa. Karatasi iliwaambia kwamba kufunga hadi saa 1 asubuhi hakumgusi mtu, kunamgusa mwizi.

Ukweli wa kifaa ulikuwa huu: kati ya saa 11 na saa 12 alfajiri zilikuwa zinatoka lita 2,400, na kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi lita 5,800, saa yenye matumizi makubwa kuliko zote. Walifunga bomba palepale penye foleni.

## Siku tisa

Kuanzia kesho yake watu walikuta vituo vimekauka alfajiri. Watoto walikwenda shule bila kuoga, na wanaowahi shamba waliondoka na madumu matupu. Saa 1 fundi akifungua, foleni ya saa mbili nzima inachota kwa mpigo, vituo vya juu vinakosa nguvu ya maji kabisa. Kamati iliyasikia malalamiko na ikayatafsiri hivi: tangi linaisha kwa sababu ya wizi wa siku zilizopita, tuvumilie.

Mlinzi alikuwa nyumbani. Mkewe aliacha kwenda kituo cha karibu, akawa anakwenda cha mbali.

## Daftari

Aliyeivunja hadithi ni mhudumu wa kituo kimoja, mama wa makamo anayeuza ndoo na kuandika kila anachouza kwenye daftari la kaunta. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini, akaisoma siku alipopeleka makusanyo. Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa, na sikuwa najua habari ya mlinzi.

Nilimwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza kama hiyo karatasi ni ya kwangu.

"Ni yangu, mama."

"Mwanangu, hapa saa moja asubuhi umeandika hakuna mtu." Akaweka kidole kwenye ile namba 1 na nguzo yake isiyoonekana. "Mimi saa moja asubuhi sipati hata nafasi ya kunywa chai. Hao ninaowauzia ni majini?"

Akafungua daftari. Mistari ya alfajiri na asubuhi ilikuwa imebanana, ya mchana michache, ya jioni imebanana tena. Nikatazama karatasi, nikatazama daftari, nikahesabu nguzo kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasikia joto masikioni. Ndipo mhasibu, aliyekuwa meza ya pili, akaniuliza taratibu: "Sasa zile ndoo za saa sita usiku?"

## Kurekebisha

Tulifungua faili palepale. Kulikuwa na kazi tatu, na kila moja ilikuwa na namna zaidi ya moja ya kuifanya.

Ya kwanza ilikuwa kurudisha saa halisi kwenye mhimili wa chini. Kwenye Excel unabofya grafu kwa kitufe cha kulia, "Select Data", halafu upande wa lebo za mhimili mlalo unabonyeza "Edit" na kuchagua kolamu ya saa bila kichwa chake. Ningeweza kuepuka yote kwa hila ndogo: kabla ya kuchora, kuacha tupu kisanduku cha kona ya juu kushoto, pale nilipoandika "Saa". Excel ikikuta kona tupu inaelewa kwamba kolamu ile ni ya lebo. Siku hizi ndivyo ninavyofanya kila mara, kichwa nakirudisha baadaye.

Ya pili ilikuwa swali lenyewe: saa za kizungu au za Kiswahili? Mhasibu alipendekeza tuziache za kizungu na tuandike chini "saa za kizungu", maana kifaa kinarekodi hivyo. Ni rahisi, na si kosa. Mimi nilikataa. Karatasi inakwenda kubandikwa kituoni, na mtu anayeisoma akiwa na ndoo kichwani asilazimike kutoa sita kila nguzo. Namba za kifaa ni za kifaa, hizi za ukutani ni za mchotaji.

Basi tukageuza. Saa ya kizungu ikiwa kwenye A2 kama namba ya 0 hadi 23, ya Kiswahili ni =MOD(A2+5,12)+1. Jaribu na 7, unapata 1. Jaribu na 13, unapata 7. Jaribu na 0, unapata 6. Kompyuta nyingine zinataka nukta-mkato badala ya mkato kati ya namba, kutegemea zilivyopangwa.

Ila kila nguzo ni muda wa saa nzima, kuanzia mahali hadi mahali, haikai kwenye nukta moja. "7" peke yake haisemi kama ni saa saba kamili au ile inayoishia saa saba. Tukataka lebo za "12–1", "1–2", "2–3". Mhasibu akaanza kuziandika kwa mkono, na kwenye "1-2" programu ikamgeuzia kuwa tarehe. Kila kistari kati ya namba mbili ndogo, Excel inadhani umezaliwa siku hiyo. Njia ni kukifanya kisanduku kuwa cha maandishi kwanza, au kuanza na alama ya ritifaa, au kuacha fomula iunganishe: =MOD(A2+5,12)+1&"–"&MOD(A2+6,12)+1. Tulitumia fomula.

Bado "12–1" zilikuwa mbili, ya asubuhi na ya jioni. Kuandika "12–1 asubuhi" chini ya kila nguzo kuliifanya programu izilaze lebo zote mshazari, shingo inauma kuzisoma. Tukaongeza kolamu kushoto ya zile lebo: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, kila neno limeandikwa mara moja tu kwenye mstari wa kwanza wa kipindi chake na visanduku vinavyofuata vimeachwa tupu. Ukichagua kolamu zote mbili kuwa lebo za mhimili, Excel inazipanga ghorofa mbili, saa juu na kipindi chini yake, na kipindi kimoja kinakumbatia nguzo zake zote. Hii ndiyo hatua iliyobadilisha karatasi kuliko zote.

Ya tatu, majina ya mihimili. Bofya grafu, alama ya kujumlisha inatokea pembeni, weka tiki kwenye "Axis Titles". Kwenye LibreOffice unabofya grafu mara mbili mpaka fremu yake igeuke, kisha "Insert", "Titles", na unaletewa nafasi za kujaza: kichwa, kichwa kidogo, mhimili wa X, wa Y. Kwenye Google Sheets ni mara mbili pia, halafu "Customize" na "Chart & axis titles". Wa wima tuliuandika "Maji yaliyotoka tangini kwa saa moja (uniti)". Wa chini: "Saa za Kiswahili". Kichwa kikawa swali la kamati lenyewe, "Maji yanachotwa zaidi saa ngapi?", na chini yake kwa herufi ndogo, "Wastani wa siku 14, Septemba".

Kwenye Excel jina la mhimili, kama maandishi mengine ya grafu, linaweza kufungwa na kisanduku: ubofye jina, uandike alama ya = kwenye sehemu ya fomula, ubofye kisanduku chenye maneno. Tuliufunga hivyo mstari wa tarehe, ili mwezi ukibadilika kwenye jedwali ubadilike na kwenye picha.

Kabla ya kuchapisha nikawaita watu watatu waliokuwa nje ya ofisi. Sikuwauliza "mmeelewa?", kwa sababu hakuna mtu anayejibu hapana. Niliwauliza: saa ngapi maji yanachotwa zaidi, na ni ndoo ngapi? Wawili walijibu sawa. Wa tatu alijibu saa sawa, ndoo akakosea, akataja "tano na kitu". Tukabandika mstari mmoja chini: uniti 1 ni ndoo 50.

## Matokeo

Valvu ilifunguliwa jioni ileile. Mlinzi alirudishwa kazini baada ya kikao cha dharura, akalipwa siku zake. Mwenyekiti na mhasibu walikwenda kwake kuomba radhi, nami nikaenda nao, kwa kuwa mkono ulioanzisha ulikuwa wangu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema amesamehe, ila anaomba siku nyingine mtu akiona jambo la usiku aje amuulize yeye wa usiku.

Pampu ilipangwa upya. Tangi likijaa saa 10 jioni na pampu ikazimwa, matumizi ya jioni, usiku na asubuhi hadi saa 2 yanafikia kama uniti 30.6. Tangi ni la 30. Siku ya kawaida linafika ukingoni, siku ya kufua linakauka mapema. Fundi sasa anawasha tena kwa saa mbili baada ya saa 12 jioni. Kukatika kwa asubuhi kumepungua sana, hakujaisha: wastani wa siku 14 unachanganya Jumamosi na Jumanne kwenye nguzo moja, na Jumamosi ilistahili grafu yake.

## Uchambuzi

Watu wakikisikia kisa hiki hukimbilia kusema tatizo ni saa za Kiswahili na za kizungu. Sikubali. Watu wetu wanavuka kati ya saa hizo mbili kila siku bila kujikwaa. Basi linaondoka saa 12, simu inaandika 6:00, na hakuna anayeachwa stendi, kwa sababu kila mtu anajua saa ipi imeandikwa wapi. Walichokosa ni kuambiwa. Neno moja "kizungu" chini ya mhimili lingetosha kuwatoa usiku wa manane na kuwarudisha jioni, wakiwa wamekosea saa moja tu.

Makosa matatu kwenye karatasi moja hayakuwa na uzito sawa. Kuhesabiwa kwa nguzo badala ya saa kulisogeza kila kitu kwa saa moja, na kwa kupanga pampu hilo lingevumilika. Kipimo cha wima kiliokolewa na bahati, maana mhasibu alikisia na akapatia. Kukosekana kwa jina la mhimili wa chini ndiko kulikoongeza saa sita juu ya ile moja, siku nzima ikasogea kwa saa saba.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wajumbe waliiamini karatasi kuliko macho yao. Nani asiyejua kwamba asubuhi kuna foleni? Nilipowauliza walikuna vichwa. Wengi ni wanaume, wawili wana bomba nyumbani, na ndoo ya asubuhi inabebwa na mke au binti. Foleni waliijua kwa kusikia. Na karatasi ilikuwa imetoka kwenye kompyuta, ina mistari iliyonyooka. Kama kwenye kikao angekuwepo mhudumu mmoja wa kituo, isingemaliza dakika tano.

Hata kwa usomaji wao ule, palikuwa na pa kushtukia. Ndoo 465 usiku wa manane zinabebwa na nini? Mkokoteni wa punda ungepita mara ngapi, na mbwa wa kijiji kizima wanyamaze? Tena mauzo ya vituo na dira za majumbani, kwenye vitabu vya mhasibu mwenyewe, yalikuwa yakikaribiana na dira kuu. Maji yangekuwa yanaibwa kwa kiasi kile, pengo lingeonekana hapo. Yote haya nimeyaona baada ya tukio, na sina hakika kwamba ningeyaona kikaoni.

Upande wangu, kosa ambalo bado linaniuma ni ujumbe wa sauti. Nilijua kwamba grafu inahitaji maelezo, ndiyo maana nikayatoa. Nikayaweka mahali ambapo picha haiwezi kuyabeba. Picha inasambazwa, inachapishwa, inakatwa kingo, inabandikwa, na kila ilichonacho ni kile kilichoandikwa ndani yake. Nilisema dakika mbili maneno ambayo yangekaa kwenye mistari miwili.

Kilichofanya kazi ni daftari, na mtu mwenye ujasiri wa kuiuliza karatasi. Na lile swali la "saa ngapi, ndoo ngapi" kwa watu watatu mlangoni. Limechukua muda mfupi kuliko nilioutumia kuchagua rangi ya nguzo kwenye toleo la kwanza, rangi ambayo steshenari waliichapisha nyeusi.

## Toleo la tatu

Karatasi mpya tuliibandika kwenye vituo vyote sita. Tulikuwa tumeipanga upya ianze saa 12 asubuhi badala ya usiku wa manane, na mimi nilijivunia hilo, siku ya Kiswahili inaanza na jua. Wiki iliyofuata yule mama akanitumia picha ya karatasi yake, ameichora mshale kwa kalamu ya bluu kutoka nguzo mbili za mwisho upande wa kulia hadi mwanzo upande wa kushoto. Zilikuwa za alfajiri, saa 10–11 na 11–12. Nikampigia.

"Foleni yangu umeikata vipande viwili," alisema. "Kichwa umekiweka huku, mkia kule. Mimi saa kumi na mbili nimeshauza ndoo thelathini na kitu."

Nikahamisha mistari miwili kwenye jedwali, nikachapisha tena. Grafu ya mradi ule sasa inaanza saa 10 alfajiri.